Gari Lililowaka Lenyewe

Bi. Hatungimana alitua mzigo wake wa kuni majanini, akaelekeza kidole barabarani, na hakukubali kukanyaga lami hata kwa hatua moja.

"Lilipita hapa, afande. Kimya. Tulikuwa akina mama wanne."

"Kimya namna gani?" Mkaguzi Ghati aliuliza. "Magari mapya yote ni kimya."

"Oya, hapana. Jipya nalo linanguruma kidogo. Hili lilikuwa na sauti ya matairi tu kwenye maji ya mvua, kama mtu anachana kitambaa. Tukageuka. Kwenye usukani hakuna mtu."

"Ukungu ulikuwepo?"

"Ego, ulikuwepo. Lakini lilipita karibu, ningenyoosha mkono ningeligusa. Kiti cha dereva kitupu. Kiti cha nyuma kuna mama kashika simu, anaangalia mbele. Halafu, Mana yanje, Mungu wangu..." Alijifunika mdomo kwa pindo la kitenge. "Lilitupita hatua kumi hivi, likawaka. Lenyewe! Tukasikia injini, vruu, likaenda. Mtu hayupo, na limewaka."

Ghati aliandika yote, na neno "lenyewe" akalipigia mstari. Alikuwa mwanamke wa Kikurya, wa Tarime, mwaka wa nne sasa Kasulu, na mizimu haikuwahi kumnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi ni shahidi wa kweli mwenye maneno yasiyoingia kwenye faili. Na huyu mama hakuwa mwongo. Mwongo huongeza, huyu alikuwa anapunguza, kwa aibu ya alichokiona.

"Wenzako watatu wanasema hivyohivyo?"

"Wao wamekataa kupita njia hii tena. Wanazunguka bondeni na ndoo zao. Wanasema yule mama alikuwa amekwisha kufa tangu juu, anapelekwa tu."

Ukungu ulikuwa unashuka tena, ingawa ilikuwa saa sita tu mchana. Kutoka pale waliposimama, mteremko wa Nyakiziba ulikwenda chini ukiwa umenyooka, kisha ukamezwa na weupe. Daraja halikuonekana. Siku ya Jumanne, saa kumi na moja jioni, gari la mradi mmoja wa lishe lilishuka hapa likitoka Kasulu kwenda Kibondo, likapita kingo za daraja na kuangukia mtoni. Josepha, afisa lishe, alikufa kabla ya kufikishwa hospitali. Dereva wake, Venanti, alipatikana hai kando ya barabara. Maelezo yake yalikuwa mafupi na yamenyooka: breki zilikataa, alizikanyaga mpaka chini, alishusha gia kwa mkono, havikusaidia, akafungua mkanda na kuruka.

Breki zile zilikuwa zimebadilishwa pedi Jumapili na fundi Rigobert, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu. Ilikuwa Alhamisi sasa, na Rigobert alikuwa mahabusu. Faili lake lingeondoka kituoni kesho saa mbili asubuhi kwenda mahakamani: kusababisha kifo kwa uzembe. Mkimbizi, fundi bila cheti, marehemu aliyependwa wilaya mbili. Ghati aliijua kesi ya namna hiyo inavyokwenda. Inakwenda kama gari hili, bila mtu kwenye usukani.

Alipanda juu kwa miguu hadi kileleni. Sajenti Majaliwa wa trafiki alikuwa anamsubiri karibu na lundo la mawe meupe, kofia kwapani.

"Nisikucheleweshe, afande," alisema Majaliwa. "Breki nimezifungua zote nne. Pedi mpya, bado zina rangi ya kiwandani. Mafuta ya breki yamejaa, hakuna panapovuja. Mtu akikanyaga breki kwa nguvu mteremko huu wote, pedi zinaungua, zinanuka, zinang'aa kama kioo. Hizi ukizitia kwenye boksi unaweza kuziuza."

"Kwa hiyo zilikataa huku zikiwa nzima."

"Ndiyo. Halafu hii." Alimwonesha picha kwenye simu, aliyoipiga gari lilipokuwa bado mtoni. "Mkanda wa dereva. Umebanwa kwenye kifungio chake, lakini umepita nyuma, pale mtu anapoegemea mgongo. Umelalia kiti kitupu."

"Venanti anasema aliufungua akaruka."

"Ndiyo maana nakuonesha. Labda waokoaji waliufunga."

"Mwokoaji gani anaingia kwenye maji kufunga mkanda wa mtu asiyekuwepo?"

Majaliwa aliangalia ukungu. "Watu wa hapa wanasema mteremko huu unachukua. Mimi sisemi kitu. Lakini lisemwalo lipo, afande, na kama halipo laja."

"Lije basi, nalisubiri. Haya mawe ni ya nini?"

"Ah, ya madereva. Kuna lori lilianguka hapa zamani na watu kumi na mmoja. Tangu hapo dereva wa zamani akifika hapa anasimama, anaokota jiwe jeupe kule upande wa pili, analiweka hapa, haongei na mtu, anaondoka. Ukitupa dirishani haihesabiki, lazima ushuke. Hawa vijana hawafanyi. Wazee bado wanafanya."

"Na Venanti?"

"Venanti ana miaka thelathini barabarani. Lakini mradi wao umepiga marufuku kusimama hapa. Kuna mmoja alifukuzwa."

Ghati aliinama. Kutoka kwenye lundo hadi mahali ambapo gari lingesimama palikuwa hatua ishirini na tano. Alizipima, kisha akageuka kulitazama gari lao la polisi, lililoegeshwa kwenye lundo. Halikuonekana. Lilikuwepo pale, na alijua lipo. Alirudi haraka kidogo kuliko alivyotaka Majaliwa aone.

Njiani kurudi Kasulu alikumbuka kikombe. Jumatano asubuhi, Venanti alipoandika maelezo, walimpa chai. Mzee wa Kiha wa miaka hamsini na minne, mwenye adabu zake, alipokea kikombe kutoka kwa Ghati kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukutoka mfukoni mwa koti, hata kuandika aliandika kwa wa kushoto. Na mtu aliyeruka kutoka kwenye gari la mwendo ule angeacha ngozi barabarani. Venanti alikuwa na matope mpaka magotini na mikwaruzo ya majani mikononi, basi. Huyo hakuruka. Huyo alikimbia porini.

Nje ya kituo, Esperance, mke wa Rigobert, alikuwa amekaa palepale alipokuwa asubuhi, sufuria ya ugali na dagaa mapajani, imefungwa kwa kitambaa. Alisimama Ghati alipopita. Ghati aliinamisha macho, akaingia ndani.

Rigobert aliletwa ofisini bila mkanda wa suruali, ameishikilia kwa mkono mmoja.

"Fundi," Ghati alisema, "gari limezimwa, liko kwenye mteremko, halina dereva. Linaweza kuwaka lenyewe?"

Rigobert alimpima kwa macho, asije akawa anategwa. "Madame, mi niko kwa cachot, humu mahabusu, kwa mambo ya mafre, ya breki. Sasa unaniuliza mambo ya moteri, ya injini?"

"Jibu tu."

"Inaweza. Ile gari inaweza." Akavuta kiti, akasahau suruali, akaishika tena. "Ile ni gari ya kisasa. Ukisimama, ukikanyaga fre, inazima moteri yenyewe, juu ya kuchunga mafuta, yasiishe. Lakini haijalala. Imefumba macho tu. Shofere akitosha mguu kwa fre, inawaka."

"Na kama ametoa mguu lakini amevuta handbreki?"

"Ah, sasa hapo inabaki imezima. Inaona taa ya handbreki, inasema, bwana amesimama. Inangoja. Gari ikianza kutembea mbiombio kidogo, inashtuka, inawaka."

Ghati aliacha kuandika. "Lakini gia ipo D. Gia si inashika gari? Mimi nimefundishwa hivyo: mlimani ukizima gari, acha kwenye gia."

"Njo kosa ya wazee wote!" Rigobert alipiga meza, kisha akaomba radhi kwa macho. "Gari ya zamani, ya klachi moja, ukizima na gia ndani, klachi imekamata, moteri inazuia tairi. Hii iko na klachi mbili. Moja ya gia moja, tatu, tano. Ingine ya mbili, ine, sita. Zinapokezana, njo maana inabadirisha laini hivi, hausikii. Lakini moteri ikizima, zote mbili zinaachia. Zote! Unaona D kwa tablo, pale mbele yako, unafikiri gari imekamatwa. Hakuna kitu imekamata. Inashikwa na handbreki tu."

"Na ikishawaka, inateremka na nani?"

"Na yenyewe." Sauti yake ilishuka. "Buate, ile giaboksi, haina macho, Madame. Inasoma miguu ya shofere. Shofere akikanyaga fre kwa mteremko, buate inajua anaogopa, inashusha gia: tano, ine, tatu. Moteri inalia sana, inamusaidia kuzuia. Kama hakuna mguu, inafikiri bwana amefurahi. Mwendo unapanda, nayo inapandisha: mbili, tatu, ine, tano. Polepole. Bila kelele."

"Hilo linaandikwa mahali?"

"Ikigongwa, kompyuta inachunga dakika ya mwisho. Lakini si mi nisome. Mutasema nimechafua. Mutafute mutu mwengine."

"Na hakuna kitu cha kuzuia hayo? Dereva akishuka tu, gari linakwenda?"

"Kiko. Ukifungua mukanda na mulango, inapiga kelele, inajifunga kwa P. Lazima vyote viwili. Mulango peke yake, inafikiri umechungulia tu nje. Haiwezi kutembea yenyewe, mpaka mukanda ukuwe umefungwa." Akashangaa maneno yake mwenyewe. "Lakini mutu anashukaje na mukanda umefungwa?"

Ghati alifunga daftari. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, alijisikia baridi na furaha kwa pamoja. Jibu la swali lile alikuwa amelikamata barabarani mara mia, akalitoza faini na kulisamehe.

Mashine ya kusomea kompyuta ya gari Majaliwa aliiazima kwa fundi wa Kibondo ambaye hakumjua Rigobert wala Venanti. Saa kumi na nusu alirudi na karatasi moja, akaisoma akiwa amesimama mlangoni.

"Injini imewaka gari likiwa mwendo wa kilomita kumi na mbili kwa saa. Gia ya pili. Ya tatu. Ya nne. Ya tano, kilomita tisini na moja. Kishindo. Pedali ya breki: haikuguswa. Gia kushuka: hakuna hata moja."

"Anasema alishusha gia kwa mkono."

"Giaboksi halina ndugu, afande. Halina wa kumsitiri."

Kabla Ghati hajajibu, mwanamke mmoja aliyevaa ushungi mweusi alipiga hodi. Alijitambulisha kuwa ni Rabia, mhasibu wa mradi, aliyekaa chumba kimoja na Josepha kwa miaka mitatu. Simu aliishika kwa mikono miwili.

"Alinitumia ujumbe wa sauti Jumanne," alisema. "Saa kumi na moja na dakika nne. Nilisikia mwanzo nikazima. Nimejaribu siku mbili. Siwezi kuufikisha mwisho. Nisikilizieni nyie."

Walimkalisha, wakampa maji, na Ghati akaingia na simu chumba cha pili. Ulikuwa ujumbe wa sekunde sitini na mbili. Aliusikiliza mara moja, akiwa amesimama. Ulipokwisha alikaa, akaangalia ukuta, kisha akamwambia Majaliwa amlete Venanti na alilete gari la pili la mradi, pacha wa lile lililokufa.

Ua wa kituo una mwinamo kidogo kuelekea mtaroni. Gari jeupe liliegeshwa juu, handbreki imevutwa mpaka mwisho, injini inanguruma polepole. Venanti alikuja amevaa koti lilelile, mkono wa kulia mfukoni. Alikuwa ameoga na kunyoa, lakini alionekana amezeeka tangu jana.

"Shikamoo, mzee," Ghati alisema.

"Marahaba, mwanangu. Afande."

"Nahitaji msaada wako mdogo. Mimi si dereva wa magari haya. Ingia, ukae kama ulivyokaa Jumanne, unioneshe ulivyokanyaga na ulivyoshusha gia. Halafu nakuacha."

"Hapahapa?"

"Hapahapa. Huendi popote."

Venanti alifungua mlango. Na kabla hajakaa, kabla hata hajainua mguu, mkono wa kulia ulitoka mfukoni ukiwa umefumba ngumi. Kwa vidole viwili vilivyobaki huru aliuvuta mkanda, akaupitisha juu ya kiti kitupu, wa kushoto ukaupokea na kuubana kwenye kifungio chake. Tik. Kisha akakaa juu yake, akaegemea, akatia gia D, akashika usukani.

Majaliwa alikuwa amenyanyua simu anapiga picha.

"Basi, mzee," Ghati alisema taratibu. "Inatosha."

"Sijakuonesha breki bado."

"Umeshanionesha nilichokitaka. Jigeuze uone."

Venanti aligeuka, akaona mkanda umepita nyuma yake. Alionekana kama mtu anayeoneshwa mkono wa mtu mwingine.

"Unapiga kelele," alisema. "Usipofunga unapiga tii, tii, tii njia nzima. Na ukifunga unabana kifua. Sote tunafanya hivi."

"Najua. Mazoea yana taabu. Jumanne ulifanya hivi?"

Venanti alirudisha macho mbele.

"Mzee Venanti, ulisema ulifungua mkanda ukaruka. Mkanda tumeukuta umefungwa hivi. Ulisema ulikanyaga breki. Hakuna aliyezigusa. Ulisema ulishusha gia. Gari lilipandisha mpaka ya tano. Wamama wanne wameliona linapita bila dereva. Nina mtu mahabusu ana mke amekaa pale nje tangu alfajiri, na kesho saa mbili anapelekwa mahakamani kwa neno lako moja. Nataka uniambie ulikuwa wapi."

"Breki zilikataa."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini wapo wanaoing'ang'ania hata baada ya kufika mwisho wake. Ghati alitoa simu ya Rabia, akaiweka juu ya dashibodi, mbele ya uso wa Venanti, akabonyeza.

Sauti ya Josepha ilitoka imechangamka, karibu, kama yuko kiti cha nyuma. *Rabia, tumefika Nyakiziba, ukungu huu usiombe. Mzee wangu kashuka na mambo yake ya mawe, nimemwambia wakikukamata mimi simo.* Kicheko kidogo. *Ile ripoti ya Kabanga nimeiacha mezani, mwambie...* Akanyamaza. Ikasikika sauti ya matairi kwenye maji, mwanzoni ndogo, kisha ndefu, kama mtu anachana kitambaa. *Eh. Tunakwenda?* Matairi. *Venanti? Umerudi saa ngapi?* Kiti kililia, mtu anasogea mbele. *Venanti?*

Kwenye simu, injini ikawaka.

Kando ya gari lile la uani Majaliwa, aliyekwishaambiwa atakachosikia, alirudi nyuma hatua moja.

*Venanti! We mzee, uko wapi? Venanti!*

"Niko huku," Venanti alisema.

Alikuwa anaiambia simu. Ameinamia usukani, macho wazi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeita kwa mbali. "Niko huku juu, mama. Niko huku nyuma. Nakuja."

Ghati alizima kabla ya sekunde nne za mwisho. Alizisikia yeye, ilitosha mtu mmoja. Macho yalikuwa yanamwuma na hakujali Majaliwa akiona.

Venanti alifungua ngumi. Kiganjani kulikuwa na jiwe jeupe, dogo kuliko yai la njiwa, limeacha alama nyekundu kwenye ngozi.

"Sikuliweka," alisema. "Nililiokota, nikageuka niende kwenye lundo, nikasema nimwangalie kwanza. Gari halipo. Sikusikia kitu, afande. Nikadhani ni ukungu. Nikaenda mpaka pale lilipokuwa, nikapapasa kwa mikono. Halipo. Nikadhani ameniendeshea kunitania, maana ni mtu wa utani. Ndipo nikasikia linawaka kule chini." Alilifunga tena jiwe. "Nilikata porini. Nilivyofika watu wamejaa. Mmoja akaniuliza, mzee, breki zimekataa? Nikasema ndiyo. Neno lilinitoka tu. Nikageuka, nikakuta limeshaandikwa."

"Handbreki ulivuta?"

"Kidogo, mibano miwili, iliyobaki inashikwa na gia. Gia ndani, injini imezima, mibano miwili. Miaka thelathini, halijawahi kuniondokea gari."

"Hili si lile, mzee."

"Silo," alikubali. "Nilimwua mimi?"

Ghati alikuwa na majibu ya kisheria, na mahali pake palikuwa kwenye karatasi. "Utaandika upya, yote, na safari hii kwa mkono wa kulia," alisema. "Hakimu atasema lake. Mimi nilichokuwa nataka ni mtu asiyehusika asilale ndani leo."

Alimwashiria Majaliwa. Punde Rigobert alitoka mlangoni, ameishikilia suruali kiunoni, akipepesa macho kwa mwanga wa jioni. Esperance alisimama nje ya uzio na sufuria yake, akaanza kulia bila sauti. Lakini Rigobert hakwenda kwake moja kwa moja. Aliliona gari jeupe, mlango wa dereva wazi, na mzee amesimama kando yake, ameshuka bila kujua kama ameshuka. Fundi ni fundi: aliona mkanda umefunga kiti kitupu, akasogea, akaingiza mkono.

"Usifanye..." Venanti alianza.

Rigobert aliufungua mkanda.

Gari likalia mara tatu. Kwenye dashibodi D ikazimika, ikawaka P, na chini, ndani ya giaboksi, kitu kikajifunga kwa mlio mdogo mkavu. Lilitulia palepale kwenye mwinamo, likamsubiri dereva wake arudi. Venanti aliweka jiwe juu ya boneti, akaziba masikio kwa mikono yote miwili.